Tangam Alilia Mara Kumi na Nne

Kumbakonam, 16 Januari 1931

Ndugu yangu Vaidyalingam,

Kitabu chako kimeungua. Kurasa mia tatu na kumi na mbili, kila moja na muhuri wake wa gereza, zimeteketea Jumanne tarehe 13, siku ya Bhogi, jua likiwa bado halijachomoza. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua: barua yangu ungeirukia mpaka mwisho kutafuta habari za kitabu kabla hujauliza kama tu wazima. Tu wazima.

Ilikuwa hivi. Mama alikuwa akitoa vitu vya kuchoma kama kila mwaka, ili mavuno mapya yasikute uchafu wa zamani. Akatoa ufagio uliokwisha, vikapu viwili vilivyotoboka, na ule mkeka wa ghalani. Kitabu nilikuwa nimekiviringisha ndani ya mkeka huo ili mchwa wasikione. Yeye hajui kusoma, na kwake karatasi iliyoandikwa pande zote mbili ni karatasi iliyokwisha kazi. Mimi nilikuwa uani nikianika juani appalam zangu za unga wa choroko, nyembamba kama karatasi. Nilipofika mbele, watoto wa mtaani walikuwa wanapiga vijigoma vyao kuuzunguka moto.

Usimlaumu. Ana miaka sitini na tatu na tangu siku hiyo hali chakula vizuri.

Sasa tuangalie mbele. Kifungo chako kinaisha tarehe 30 Aprili. Leo umebakiza siku mia na nne. Kurasa mia tatu na kumi na mbili ukizigawa kwa siku hizo unapata tatu kamili kwa siku, hata hesabu yenyewe inakuonea huruma. Mchapishaji wa Madras alisema anautaka mswada mwezi wa Mei. Basi anza leo, wala usiandike upya kwa kukumbuka maneno yale yale. Andika kwa kukumbuka mambo yalivyokuwa.

Dada yako,
Sornam

Bwana afisa unayesoma barua hii kabla yake: humu hamna siasa. Nimefunga appalam mia mbili. Mara iliyopita zilimfikia mia na sitini na nne. Najua zinavunjika njiani, lakini appalam ikivunjika huacha vipande.


Gereza la Tiruchi, 30 Januari 1931

Dada yangu mpenzi,

Appalam zimefika mia na tisini na nane. Afisa amesema nikusalimu.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, ya tatu nikaisoma nimejifunika blanketi ili wenzangu wasinione uso. Miezi saba, Dada. Nilikuwa nikiandika kwa mwanga wa dirisha lenye upana wa viganja viwili. Mzee Sabapati, anayelala kitanda cha pili, akanivuta blanketi akasema, "Kijana, nani amekufa?" Nikamwambia, "Tangam." Akasema, "Si ulishamuua mwenyewe ukurasa wa mia mbili na arobaini na moja?" Tukacheka wote, na kucheka kulinisaidia.

Simlaumu Mama hata kidogo. Humu ndani nimemwandikia barua yake peke yake, umsomee polepole. Nimemwambia kitabu ni karatasi tu, na mkono uliotia karatasi motoni ndio uliotia tonge kinywani mwangu, kwa hiyo hauna deni wala kosa.

Nimeanza upya. Sura za maandamano yetu ya chumvi zinarudi zenyewe: barabara ya Tanjore, chumvi yenye matope, fimbo za polisi. Lakini kila nikimgusa Tangam, dada mjane, mkono unasita. Wewe ulikuwa umekisoma kabla hakijaungua? Uliniambia tu kwamba kimefika na kwamba karatasi ni nzuri. Kama ulikisoma, nikumbushe jinsi alivyosimama kisimani. Nakumbuka ilikuwa imenipendeza sana.

Nainama miguuni pako,
Lingam wako


Kumbakonam, 6 Februari 1931

Mwanangu Lingam,

Hii ni mimi mama yako. Anaandika Mwalimu Masilamani wa nyumba ya pili. Nimemwambia aandike ninavyosema, asipambe. Dada yako amekwenda kusaga unga, hajui kama naandika.

Barua yako imenishinda. Nimefiwa na mume miaka kumi na minane iliyopita, sikulia kama nilivyolia Sornam aliponisomea barua ile. Unanisamehe vizuri namna hiyo kwa kitu ambacho sikukifanya! Nilikubali kubeba kosa la watu, lakini kusamehewa kosa la watu siwezi, chakula hakipiti.

Mimi nilichoma ufagio na vikapu na mkeka. Mkeka ulikuwa mtupu. Kitabu alikichoma dada yako. Alichuchumaa kando ya moto na kurasa mapajani, anaangalia moja moja, anatia moja moja. Nikamwambia, "Wee mtoto, mtu hasomi kitu anachokichoma, na hachomi kitu anachokisoma, chagua." Akanijibu, "Mama, Lingam akiuliza, sema ni wewe. Wewe hawezi kukukasirikia." Nikasema haya. Mjane mzee kama mimi nimeshabeba lawama za mvua kukosa kunyesha, sembuse karatasi.

Mwalimu anasema niache hapo. Mimi nasema aongeze: usimgombeze. Tangu siku chache kabla ya moto ule Kunjaram, yule mjane mgeni anayetengeneza appalam na dada yako, analala kando yake, na dada yako halali mpaka yeye alale. Sababu sijaambiwa.

Mama yako
(alama ya kidole gumba)


Gereza la Tiruchi, 13 Februari 1931

Dada,

Mama ameniandikia.

Sitauliza mara mbili, wala sitapamba swali. Kwa nini?

Nilikuwa nimekiandika kwa ajili yako. Huyo Tangam ni wewe. Nilitaka nchi nzima ilie kwa yale uliyoyapitia tangu ukiwa na miaka kumi na mitano. Ukachuchumaa ukamchoma ukurasa kwa ukurasa, halafu ukanigawia siku zangu kwa tatu kamili kama mwalimu wa hesabu.

Appalam zimefika mia mbili zote. Sijazigusa.

Vaidyalingam


Kumbakonam, 19 Februari 1931

Lingam,

Haya. Umeuliza, nakujibu. Bwana afisa, kaa vizuri, hii ni ndefu.

Kwanza kula appalam zako. Hazikukukosea kitu.

Nilikisoma chote, siku mbili. Maandamano umeyaandika vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, na ninajua watu watano wanaoandika. Kisha nikamsoma Tangam wako na kalamu ya risasi mkononi. Tangam analia mara kumi na nne. Analia kisimani, analia jikoni, analia akipiga mswaki. Ukurasa wa 88 analia kwa sababu ameona ndege wawili juu ya paa. Ndege, Lingam! Mimi nikiona ndege juu ya paa nachukua fimbo, kwa sababu appalam zimeanikwa.

Kaka yake anamletea mchele. Kaka yake anauza pete. Nani alikuwa anamletea nani? Nilirudi nyumbani kwa Baba nina miaka kumi na mitano, mjane, nguo nyeupe, mikono mitupu bila bangili hata moja. Mwaka uliofuata Baba akafa. Wewe ulikuwa na miaka tisa na ulikuwa unakula kama watatu. Sikwenda kisimani kusimama vizuri. Niliazima kibao cha kusukumia kwa jirani, nikakanda kibaba kimoja cha unga wa choroko nyeusi, nikatoa appalam thelathini na mbili, kumi na moja zikapasuka juani. Kesho yake zikapasuka nne. Juma la pili haikupasuka hata moja. Shule yako yote, mpaka ukajua kuandika "machozi yake yalikuwa lulu", imetoka kwenye kibao kile.

Sasa maandamano. Amri ilipotoka kwamba atakayewapa waandamanaji chakula atafungwa, umeandika hivi, nimeyakariri: "Chakula kilining'inia kwenye matawi ya miti ya barabarani, kimewekwa na mkono usioonekana wa taifa." Mkono usioonekana! Mkono wenyewe ndio huu ninaokuandikia, una alama ya mafuta ya moto kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Vifurushi mia na arobaini vya wali wa mtindi kwenye majani ya migomba, siku tatu, wanawake saba. Mimi nilipanda mti, miaka thelathini na tatu, mjane, kwa nguo nyeupe inayoonekana toka maili moja. Polisi alipita chini akatazama juu. Nikamwambia, "Natafuta mbuzi wangu." Akasema, "Juu ya mti?" Nikasema, "Ni mbuzi mkaidi." Akaenda zake akicheka. Hiyo umeiacha, ukaweka ndege.

Lakini kwa hayo nisingekichoma. Ningekugombeza tu kama kawaida.

Niliwasomea wenzangu. Unawajua karibu wote, wajane sita, tunakaa duara na vibao vyetu. Chellatai akanikatiza mapema: "Dada, huyu Tangam kazi yake nini?"

"Analia."

"Hilo nimesikia. Anakula nini?"

"Kaka yake anamletea mchele."

Akacheka mpaka fimbo ya kusukumia ikamponyoka. "Ana bahati! Wa kwangu alinichukulia hata sufuria."

Tulikuwa tunacheka hivyo mpaka ukurasa wa 241, unapomshusha mtoni Kaveri na kumzamisha, ili kaka yake apate sababu ya kuipenda nchi. Umeiandika vizuri sana. Maji yanampokea kama mama, umesema. Hakuna aliyecheka tena.

Kunjaram ndiye mgeni kati yao, ana miaka ishirini na sita. Alifiwa na mume mwezi wa Mei, wewe ukiwa umeshafungwa, na kwa wakwe alikuwa analishwa barazani. Asubuhi yake, tunakanda unga, akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia kama chumvi imetosha: "Dada Sornam, ile ngazi ya mto aliyoshukia Tangam, ni ya upande wa hekalu au ile ya juu yenye kina?"

Mikono yangu ilikuwa ndani ya unga. Sikuitoa. Nikamwambia, "Sijui. Aliyeandika hajui hata kuogelea."

Usiku huo nikamhamishia mkeka wake kwangu. Siku ya tatu ikawa Bhogi.

Sikukuambia kwa sababu mtu aliye gerezani huwezi kumwandikia kwamba maneno yake yamemwonyesha mtu njia ya mto. Nikaona afadhali umkasirikie Mama, na Mama hakasirikiwi, basi hasira yako ingekosa pa kukaa, ingeondoka yenyewe. Hesabu ilikuwa nzuri. Sikuhesabu kwamba ungemsamehe vizuri namna ile.

Jambo la mwisho. Sikuchoma mia tatu na kumi na mbili. Nilichoma themanini na saba, zile za Tangam. Mia mbili na ishirini na tano zimo ndani ya debe la unga, zimefunikwa kwa majani ya mwarobaini. Nilikuambia zimekwisha zote ili usimpachike Tangam yule yule kwenye nafasi yake.

Katika hizo za debe kuna ukurasa wa 19. Huo ulishaingia motoni nikautoa kwa vidole, pembe moja imeungua. Tutauzungumza siku nyingine.

Kunjaram jana amemtania Chellatai kwamba appalam zake ni nene kama magodoro. Ndiyo mara yake ya kwanza kutania mtu.

Dada yako,
Sornam


Gereza la Tiruchi, 27 Februari 1931

Dada yangu,

Appalam tumezila zote. Mzee Sabapati amekula ishirini peke yake.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya wenzangu kumi na moja. Nilidhani nikiisoma kwa sauti ningepata mahali pa kujitetea. Kwenye mbuzi wako walicheka mpaka mlinzi akaja. Nilipofika kwa Kunjaram, nikaishusha barua, Mzee Sabapati akaichukua akaimaliza yeye. Kisha akanirudishia akasema, "Kijana, sisi tumekula fimbo mchana, kila mtu ametuona. Huyo dada yako ameokoa mtu jikoni na hakuna aliyepiga ngoma. Sasa wewe ndiye mwandishi. Kazi yako nini?"

Nina ungamo, na kwa kuwa wewe unapenda tarehe, ni 17 Aprili mwaka jana, saa saba mchana.

Siku hiyo nilishusha kifurushi kutoka kwenye mti. Kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa mgomba, fundo mara mbili, ncha imerudishwa ndani. Dada, fundo lile nimelifungua kila siku ya shule kwa miaka minane. Nililijua kabla sijaligusa. Wenzangu walikuwa wanasema, "Tazama, nchi yenyewe inatulisha!" Wengine walikuwa na machozi. Nami nikaona aibu kusema, "Hapana, ni dada yangu." Nikanyamaza, nikala. Baadaye nikaandika "mkono usioonekana". Nilikuwa nimeuona, Dada. Ndimu yako ya chumvi ilikuwa bado mdomoni.

Kwa ulichokifanya kwenye moto sikulaumu. Ningekuwa mimi, ningechoma zote.

Kurasa themanini na saba nitaziandika upya, lakini si humu, na si peke yangu. Utakaa kwenye kibao chako, utasimulia, nami nitaandika, na ukisema "si hivyo" nitafuta. Tangam hatazama. Atapanda mti.

Mwambie Kunjaram kwamba mwandishi wa kitabu kile hajui kuogelea kweli, na kwamba amekuwa mjinga, na kwamba anamwomba radhi.

Ukurasa wa 19 una nini? Nimewaza siku tatu, siukumbuki.

Nainama miguuni pako,
Lingam


Kumbakonam, 9 Machi 1931

Ndugu yangu Lingam,

Mji mzima umejua kabla wewe hujaniandikia. Mapatano na serikali yametiwa saini Delhi, wafungwa wa chumvi wanaachiliwa. Mwalimu Masilamani amekuja na gazeti mbio mpaka ndala moja imebaki njiani. Wa Tiruchi mnatoka Jumatano, na Ijumaa tarehe 13 treni yenu inaingia hapa saa nne asubuhi. Umeniharibia hesabu yangu ya siku mia na nne, na sijawahi kufurahi hivi kwa hesabu kuharibika.

Salamu zako nilimpa Kunjaram. Akasema, "Mwambie aje, nitamfundisha kukanda. Kuogelea ajifunze mwenyewe." Anasema pia kwamba anataka awemo kwenye kitabu kipya, ila awe mrefu zaidi.

La fundo limeniuma na limenifurahisha, na sijajua lipi zaidi. Asante kwa kulisema.

Sasa ukurasa wa 19. Huukumbuki kwa sababu kwako ulikuwa ukurasa mzuri tu. Nakunakilia: "Asubuhi ya kuondoka, Tangam alisimama kizingitini mbele ya mtaa mzima, akampaka kaka yake alama nyekundu kwenye paji la uso, na uso wake ndio wa mwisho aliouona nyumbani."

Lingam, asubuhi ile mimi nilikuwa wapi?

Nilikuwa nyuma ya mlango, nimeshika kifurushi chako. Mama alikuwa nyuma yangu. Ndiye aliyenifundisha mahali pa kusimama, maana naye ni mjane, na uso wa mjane huitwa nuksi kwa anayeanza safari, hivyo sehemu ile anaijua kwa miaka. Ulikuwa umeshavaa, umesimama sebuleni. Ulingoja. Sikujua unangoja nini mpaka mke wa sonara, mwenye mume na bangili zake, alipopita barabarani na mtungi wa maji. Ndipo ukatoka, ukauona uso wake wa heri, ukaenda. Kifurushi nilikupitishia dirishani. Ulisema "asante" bila kugeuka, ili usinione.

Sikukasirika siku ile. Ndivyo ilivyo, kila mtu hufanya hivyo, nami mwenyewe ningekuambia ungoje. Lakini ulikwenda kuvunja sheria ya mfalme wa Uingereza na hii ya mlangoni ukaiacha nzima. Kisha ukakaa gerezani ukaandika kwamba nilisimama kizingitini. Nilipousoma niliutia motoni. Kisha nikautoa, kwa sababu niliona kwamba hapo ndipo ulipotamani ningekuwa. Mtu akitamani kitu mpaka akakiandika, kuna matumaini.

Sasa mambo ya Ijumaa. Kamati imeshakaa. Kuna ngoma, kuna mashada, kuna watu wa kula arobaini. Mke wa wakili ndiye atakayesimama mbele kabisa na taa na alama nyekundu, ili uso wake uwe wa kwanza. Mimi wameniambia, kwa upole mwingi na kwa kuzunguka sana, kwamba hakuna anayepika kama mimi. Mama hata hawakuzunguka, walimwambia tu apumzike. Nimewajibu kwamba nitawapa jibu langu Alhamisi, kwa sababu jibu langu linatoka kwako.

Kitabu tutakiandika. Debe liko tayari, kibao kiko tayari. Lakini sisimulii sentensi hata moja kwa mtu ambaye sijui anataka nisimame wapi. Kwa hiyo nakuuliza, na usiniandikie shairi wala usiniambie habari za taifa. Ijumaa saa nne, ukiweka mguu chini kutoka kwenye treni, mbele ya ngoma na kamati na mke wa wakili, unataka uso wa kwanza uwe wangu, na wa pili wa Mama? Au tubaki jikoni?

Posta ya Tiruchi iko karibu na stesheni, ukitoka Jumatano utaiona. Telegramu ya neno moja inatosha: MBELE, au JIKONI. Inifikie Alhamisi kabla ya saa sita mchana, kwa sababu mchele wa watu arobaini unatakiwa kuchaguliwa mchana huo, na lazima nijue kama nauchagua mimi au namwachia Chellatai. Lipi?

Dada yako,
Sornam